Anwani za Zamani za Duka la Kaka

Walimwita Kistari, na jina lenyewe alilipatia kazini. Alikuwa mpiga chapa wa zamani, mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na miwili, aliyeanza na zile mashine za kugonga mpaka ncha za vidole zinakufa ganzi, akahamia kompyuta zilipoingia ofisini, na kompyuta zilipounganishwa na mtandao akaenda nazo hukohuko. Wenzake waliogoma kujifunza walirudishwa nyumbani mmojammoja. Yeye akaibukia kwenye kutengeneza tovuti za maduka, na humo akawa na jambo moja asilotaka mzaha nalo: anwani za kurasa.

"Anwani isomeke," alikuwa akiwaambia wenye maduka. "Siyo alama ya kuuliza halafu namba, namba, namba, kama mfungwa. Andika kitu kwa jina watu wanalolijua, herufi ndogo, na kati ya neno na neno tia kistari. Mtu akitafuta mtandaoni, mashine inasoma anwani yako kama wewe unavyosoma kibao cha dukani. Kibao kisichosomeka, nani ataingia?"

Kistari asubuhi, kistari jioni. Vijana wa ofisini wakambatiza. Hakununa. Alikuwa na kauli nyingine pia, na hiyo ndiyo iliyokuja kumchoma: "Anwani ni kama jina la mtoto. Ukishampa, usimbadilishie ovyo. Na ukilazimika kumbadilishia, waambie majirani wote."

Kaka yake alikuwa fundi viatu, ila si wa viatu vya kila mtu. Aliwashonea watu ambao miguu yao haikulingana: huyu mguu mmoja mfupi, yule unyayo umepinda, mwingine saizi sita huku na saizi nane kule. Madukani viatu huuzwa kwa jozi, na mtu wa namna hiyo hulazimika kununua jozi mbili ili avae moja. Kaka alimshonea jozi yake yeye, soli nene upande unaohitaji, tena kwa ustadi kiasi kwamba akipita mtaani humtambui. Karakana yake ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vioo. Chumba cha mbele kilikuwa na benchi, cherehani ya ngozi, harufu ya gundi, na rafu zilizojaa kalibu za mbao zenye umbo la mguu, kila moja na namba yake ya wino kisiginoni. Chumba cha nyuma kilikuwa cha mkewe, aliyefunga vifurushi na kuvipeleka posta. Huyo wifi yake Kistari alikuwa mtu wa maneno machache na mwandiko wa kupendeza.

Kaka ndiye aliyemlea Kistari. Mama yao alipofariki, kaka alikuwa na miaka kumi na saba na mdogo wake saba. Viatu vya kwanza vya shule alivyovaa Kistari vilitoka mkononi mwa kaka, kwa ngozi ya mkoba wa marehemu mama. Kimoja kilikuwa kikubwa kuliko kingine, na mpaka wanazeeka walitaniana kwamba hapo ndipo ufundi wa miguu isiyolingana ulipoanzia.

Kwa hiyo kaka alipotaka kuuza mtandaoni, hakutafuta mtu mbali. Kistari alimfungulia duka la harakaharaka, la bora liende. Kila mteja alikuwa na ukurasa wenye vipimo vyake, ili akihitaji jozi nyingine abonyeze mara moja tu. Na anwani za kurasa zile? Namba tupu. Kinyozi hajinyoi: Kistari aliyewahubiria watu wote juu ya majina yanayosomeka aliliacha duka la ndugu yake na namba za wafungwa kwa miaka minane, kila mwaka akisema mwaka huu nitalishughulikia.

Wateja hawakujali. Wifi aliandika kadi ndogo kwa mkono na kuitia ndani ya kila kifurushi: "Ukihitaji viatu vingine, ingia hapa," na anwani ya ukurasa wa mteja huyo chini yake. Alitaka kuongeza namba ya simu, Kistari akamkataza.

"Simu hubadilika, wifi. Anwani haibadiliki."

Basi wateja wakazishika namba zao kama majina. Kulikuwa na mzee mmoja, fundi saa wa mji wa mbali, ambaye kila alipoandika ujumbe alianza hivi: "Mimi Mia na Kumi na Saba nawasalimu wote hapo." Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi tangu utotoni. Kila mwaka alichukua jozi moja nyeusi, ya kamba, na kila mwaka aliandika kushukuru kwamba ameipanda ngazi ya duka lake bila kushika ukuta.

Ikafika siku mfumo wa lile duka la mtandaoni ukapitwa na wakati. Waliouunda wakatangaza kwamba hawataushughulikia tena. Kistari akaona sasa ndiyo nafasi ya kujenga upya, na safari hii anwani ziwe za kusomeka. Jumamosi moja wakakaa watatu kwenye meza ya wifi, katikati ya mikasi na karatasi za kufungia, kuchagua maneno. Kistari alikuja na yake ameyaandika kabisa: viatu-tiba, viatu-rekebishi. Kaka alicheka mpaka akakiweka kikombe chini.

"Viatu rekebishi? Ndiyo nini hiyo, mdogo wangu, dawa ya meno?"

"Ndivyo vinavyoitwa kitaalamu, kaka."

"Mtaalamu hachechemei. Anayechechemea hataandika hivyo. Ataandika: mguu mmoja mfupi."

"Na mama yake ataandika: mtoto wangu anachechemea," wifi alisema bila kuinua uso kwenye kifurushi chake.

"Hilo," kaka akagonga meza. "Andika hilohilo."

Kistari akaandika. Moyoni alikiri kwamba hawa wawili, ambao hawajui mashine ya kutafuta inafanyaje kazi, walikuwa wanaijua kazi yenyewe kumzidi. Walitunga kiatu-soli-nene-mguu-wa-kushoto. Walitunga viatu-saizi-mbili-tofauti, na kiatu-cha-mtoto-anayechechemea. Kaka akawa anazisoma kwa sauti kama mgeni rasmi anayesoma hotuba, "kiatu kistari cha kistari mtoto kistari," na wifi, ambaye hucheka kwa msimu, siku hiyo alicheka hadi machozi. Miaka imepita, na Kistari akiulizwa siku gani angependa irudi, ni hiyo.

Ikabaki kazi moja, ile isiyoonekana wala kusifiwa. Kurasa za zamani zilikuwa mia tatu na arobaini, na kila moja ilikuwa na mtu wake mahali fulani, na kadi yake. Ilibidi kila anwani ya zamani ielekezwe kwenye anwani yake mpya, ili mwenye kadi akiandika namba yake apelekwe panapostahili bila hata kujua kwamba nyumba imehamishwa. Mashine haikuweza kulifanya hilo peke yake, maana mifumo miwili ile haikuelewana. Alihitajika mtu wa kukaa, kufungua ukurasa wa zamani, kutazama vipimo, kutafuta mwenzake kwenye duka jipya, na kuandika mstari mmoja: hii iende kule. Halafu unaofuata. Halafu unaofuata.

Kistari alianza na namba moja. Alikwenda vizuri mpaka tisini na sita. Hapo akapigiwa simu na duka kubwa la samani lililotaka tovuti nzima, tena kwa haraka, na heshima ya kazi hiyo alikuwa ameisubiri miaka. Akalifungua duka jipya la kaka, akaifunga orodha ile, akajiambia ataimalizia wiki ijayo. Kaka alipouliza kama kila kitu tayari, alijibu, "Tayari, kaka."

Wiki ya tatu kaka akampigia. Mteja mmoja wa karibu alikuwa amekuja mwenyewe karakanani na simu yake mkononi, anaonyesha maandishi: ukurasa haukupatikana. Kistari alikuwa kwenye kikao na watu wa samani, wote wamemkodolea macho. Angeweza kusema, "Kaka, hiyo kazi sijaimaliza, nivumilie." Maneno hayafiki kumi. Badala yake alitoka nje kidogo akasema:

"Kaka, mtandao ndivyo ulivyo. Watu wakihama nyumba, barua nyingine hupotea njiani."

"Kwa hiyo hakuna la kufanya?"

"Hakuna."

Kaka, mtu aliyeijua ngozi kwa kuinusa tu lakini mtandao hakuujua mbele wala nyuma, akaamini. Angeachaje kuamini? Huyu ndiye mtaalamu, na ni damu yake.

Na kilichoufunika uwongo ule ni kwamba anwani mpya zilifanya kazi. Tena zilifanya kazi kuliko alivyotarajia Kistari mwenyewe. Mtu popote alipo akiandika mguu mmoja mfupi, duka la kaka linatokea juu kabisa. Watu wapya wakamiminika. Kaka akaongeza mshonaji wa pili, na rafu za kalibu zikafika dari. Katikati ya shamrashamra hizo, nani angehesabu walionyamaza? Wifi alisema mara moja, "Siku hizi wale wetu wa zamani hawaandiki." Kaka akamjibu kwamba mtandao ndivyo ulivyo. Wifi akarudi kwenye vifurushi vyake.

Ilipita miezi tisa. Alasiri moja Kistari alikuwa amekaa kwenye benchi la kaka akinywa chai, kazi ya samani imekwisha na sifa zake zimekwisha pia, alipoingia mwanamke wa makamo mwenye mfuko wa nguo. Akasimama mlangoni akimtazama kaka kama anayeona kitu asichokitegemea.

"Shikamoo. Wewe ndiye fundi?"

"Marahaba, mwanangu. Ndiye mimi."

"Samahani. Sisi tulidhani ulishafariki."

Kaka akacheka. "Bado, bado. Karibu ukae."

Mwanamke akakaa, akatoa kwenye mfuko kiatu kimoja cheusi cha kamba. Soli yake nene ilikuwa imeliwa upande mmoja, na ndani palikuwa pamewekwa karatasi zilizokunjwa, tabaka juu ya tabaka, kurudisha kimo kilichopotea. Kaka hakuhitaji kuambiwa. Alikigeuza, akakitazama kisigino, akasema, "Huyu ni Mia na Kumi na Saba."

"Ni baba yangu. Aliteleza kwenye ngazi ya duka lake. Nyonga imevunjika."

Alisimulia taratibu, bila kulaumu mtu. Baba yake aliingia kwenye ile anwani ya kwenye kadi, akaambiwa haipo. Akajaribu tena na tena. Mwisho akasema fundi wetu ameshatutoka, tumwombee, akajipangia karatasi. Binti mwenyewe ndiye aliyepata jina la mtaa kwenye kifurushi cha zamani, akasema akija mjini atapita, angalau awape pole wafiwa.

Kaka alimshika mikono. "Mwanangu, utusamehe. Tulibadilisha duka. Mtandao ndivyo ulivyo. Watu wakihama nyumba, barua nyingine hupotea. Tuliambiwa hakuna la kufanya."

Alisema "tuliambiwa" bila kumtazama dada yake, maana hakuwa na sababu ya kumtazama. Kistari alikuwa hatua mbili kutoka kwao, kikombe kimepoa mkononi. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yametoka kinywani mwa mtu mwaminifu, na yalisikika kama ya kweli. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Alifungua mdomo, akauliza kama mgeni ataongezewa chai.

Jioni hiyo hakwenda kwake moja kwa moja. Alipita ofisini, akaifungua orodha, akaanza na tisini na saba. Alipofika mia na kumi na saba alisimama. Hatua ishirini na moja tu kutoka alipoachia. Akafungua kumbukumbu za tovuti, pale panapoandikwa kila anayebisha hodi na kukosa. Namba ile ilikuwa imebishiwa hodi mara kumi na moja. Mbili siku moja. Tatu wiki iliyofuata. Kisha mara chache chache, kama mtu anayepita kutazama kama wenyewe wamerudi.

Orodha nzima, mistari mia mbili arobaini na minne, ilimchukua siku nne.

Wiki ileile kadi zikaanza kufanya kazi, na watu wakaanza kurudi. Kaka akawa kama mtoto. Kila aliyeingia karakanani aliambiwa: "Mdogo wangu amepata dawa! Walisema haiwezekani, yeye akaisaka mpaka akaipata." Akamshonea Kistari viatu vya kahawia, laini kama ngozi ya sikio, zawadi ya hiyo dawa. Mtu akikutukana bila kosa, unajitetea. Akikusifu kwa kosa, unajificha wapi? Kistari aliviweka viatu vile juu ya kabati, ndani ya boksi lake, na miezi miwili hakuvivaa.

Ni kaka aliyeuliza. "Vinakubana?"

"Havinibani."

"Mbona huvivai?"

Wifi alikuwepo, mlango wa chumba cha nyuma uko wazi. Kistari akasema. Alisema yote, tangu tisini na sita mpaka simu ile ya kwenye kikao, na hakujipunguzia. Kaka alikuwa na maharazi mkononi, ule msumari wa kutobolea ngozi. Akauchomeka kwenye ubao wa benchi, akauacha umesimama.

"Hiyo kazi ilikuchukua siku ngapi?"

"Nne."

"Siku nne." Nje watu wa duka la vioo walikuwa wakipakia kioo kikubwa, wakielekezana kwa sauti, taratibu, taratibu. "Mimi nimemshika yule binti mikono," kaka alisema, "nikamdanganya. Sijawahi kumdanganya mteja hata unene wa uzi."

"Ulikuwa hujui, kaka."

"Ndiyo. Nilikuwa sijui."

Wifi alitoka mlangoni kwake. Kistari alitegemea ukali, na ukali angeubeba. Lakini wifi alisema kwa sauti yake ya siku zote: "Ungesema tu umechoka. Mimi naandika vizuri. Ningekaa nikaandika."

Kistari alisafiri kwenda kumwona fundi saa. Alimkuta amekaa dirishani, blanketi magotini, meza ndogo mbele yake imejaa saa zilizofunguliwa matumbo. Duka alishamwachia mtu mwingine. Ngazi hawezi tena kuzipanda. Kistari alijitambulisha akamweleza, na mzee akasikiliza hadi mwisho, kibano kikiwa kimeshika gurudumu dogo kama punje.

"Kumbe," alisema. "Mimi nilidhani ni macho yangu. Nilidhani nakosea kuandika namba. Nikamwambia binti aninunulie miwani." Akaivua, akaitazama. "Si mibaya. Inanisaidia kwenye saa."

"Mzee, nimekuja kuomba radhi."

"Nimekusikia, mama. Nimeipokea." Akairudisha miwani usoni, akaongeza, bila hasira, kama anayeeleza kasoro ya saa kwa mwenye saa: "Ila nilihuzunika sana kwa ajili ya fundi. Nilimwombea miezi yote ile. Hilo mimi siwezi kulirudisha, wala wewe huwezi kunirudishia."

Kistari alikuwa amebeba jozi mpya kutoka kwa kaka. Mzee alizipapasa soli zote mbili, akazisifu, akaomba viatu viwekwe kitandani pale anapoweza kuviona. Hakuvivaa. Alifariki mwaka uliofuata, kwa maradhi mengine ya uzeeni, na binti yake aliandika kuwaarifu kupitia ukurasa ule wa mia na kumi na saba.

Kaka hakumfukuza dada yake wala hakumsema kwa watu. Kistari aliposema ingefaa wifi ajifunze kulitunza duka, kaka alikubali upesi kuliko Kistari alivyopenda. Kistari akamfundisha. Wifi alijifunza kwa daftari, kila hatua kwa mwandiko wake mzuri, na sasa hakuna ukurasa unaobadilishwa jina kabla hajauandikia mstari wake wa kuelekeza na kuubonyeza mwenyewe kuhakikisha. Kadi za vifurushi siku hizi zina anwani na simu ya duka, na wifi hakuomba ruhusa ya mtu.

Jumamosi Kistari bado huenda. Kaka humwekea kiti, humuulizia afya na kazi, humsindikiza hadi barabarani. Kila kitu kipo, ila utani ndio umepungua. Na likitokea jambo la mtandao, kaka humgeukia mkewe kwanza, halafu hukumbuka, halafu humgeukia yeye. Kistari huziona hizo nukta mbili tatu za kusita kila mara. Hazistahili kinyongo, na hana.

Katika wale mia mbili arobaini na wanne, mia moja themanini na kitu walirudi. Waliobaki, wifi aliwaandikia wale aliokuwa na anwani zao za posta, na barua kadhaa zikarejea bila kufunguliwa. Wengine hawajulikani walipo. Kistari huwawaza akiwa njiani. Akimwona mtu mbele yake anachechemea, huongeza mwendo ampite, amtazame visigino kama ni viatu vya kaka, kisha humsalimia na kuona haya, kwa sababu hata akijua la kumuuliza, hajui angeanzia wapi.